Siti ya Nyuma Kabisa: Jinsi ya Kuchagua Gari la Familia Kubwa Mwanza

Baba mdogo alipofariki kule Nansio, kisiwani Ukerewe, nyumbani kwetu Mkolani tulikuwa watu tisa na gari la siti tano. Tukakodi haisi. Mama yangu, mwenye miaka 72 na magoti yanayomsumbua kila masika, alitoka ndani wa mwisho kwa sababu alikuwa akitafuta kitenge chake cha msibani, akakuta siti iliyobaki ni ya nyuma kabisa, kona ya kulia. Dereva alikuwa anapiga honi, tulikuwa tunawahi kivuko cha Kisorya, na hakuna aliyewaza kumpisha. Hatujafika Magu, akanigusa bega. "Mwanangu, hiki kiti kinatembea."

Nikageuka nikakishika. Kilikuwa kinatembea kweli. Mguu mmoja ulikuwa umechomelewa juu ya bati la sakafu, bati lenyewe limeliwa na kutu, na kila tulipopita kwenye tuta siti ilinyanyuka upande mmoja kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Mkanda haukuwepo. Palikuwa na tundu la boliti ukutani, basi. Nilimhamisha Mama nikakaa pale mimi hadi Nansio, na njia nzima nilikuwa nahesabu tulivyo nyumbani: mimi na mume wangu, watoto wanne, Mama, na wapwa wawili tunaowasomesha. Gari letu wenyewe la kutubeba sote lingekuwa lipi?

Swali hilo lilinichukua miezi minne. Kila niliyemuuliza alinijibu kwa neno moja. Chukua haisi. Chukua Caravan, bei yake nafuu. Chukua Alphard, bibi astarehe. Wote walitaja jina, na nilikuja kugundua kwamba jina ndilo linalowachanganya watu, maana chini ya jina moja kuna magari yasiyofanana hata kwa idadi ya siti zilizotoka nazo kiwandani. Kilichonisaidia ni kubadili swali. Nikaacha kuuliza gari gani ni zuri, nikaanza kuuliza mtu wa siti ya nyuma kabisa atakaaje. Ukilishika swali hilo, urefu wa gari, injini, tairi, hata makaratasi, vyote vinaanza kueleweka.

Haisi siyo gari moja

Toyota ilianza kutengeneza HiAce mwaka 1967. Hii tunayoiona kila siku Buzuruga na Nyegezi, yenye uso bapa na injini iliyokaa chini ya siti za mbele, ilitoka Japani mwaka 2004, na namba yake ya kiwandani ni H200. Ndani ya H200 hiyo hiyo kuna miili kadhaa.

Kuna nyembamba, yenye urefu wa mita 4.695 na upana wa mita 1.695. Chukua utepe wa kupimia uende kwenye Nissan Caravan nyembamba, utapata urefu na upana ule ule. Sababu yake ni sheria. Usajili wa Japani unaweka magari madogo kwenye daraja lenye gharama nafuu mradi yasizidi urefu wa mita 4.7 na upana wa mita 1.7, kwa hiyo kila kiwanda kinachora gari lake likiwa limebakiza nusu sentimeta kufika kwenye mstari. Vichochoro vya Igogo na Mabatini vinanufaika na sheria ambayo aliyeiandika hakuwahi kuviona.

Kuna pana ya paa la kati, ambayo toleo lake la abiria linaitwa Grand Cabin: urefu mita 4.84, upana mita 1.88, siti 10. Zile sentimeta 18 na nusu zilizoongezeka upande kwa upande ndizo zinazoamua kama watu wazima watatu watakaa mabega yakiwa yamenyooka, au mmoja wao atasafiri amejipinda hadi Bukoba. Halafu kuna Commuter, ndefu kuliko zote: mita 5.38, paa la mita 2.285, siti 14. Hiyo ndiyo iliyozaliwa kwa kazi ya kubeba abiria.

Na kuna Super GL. Hii ndiyo inayong'aa kwenye yadi, ina usukani mzuri na vitambaa safi, na ndiyo inayowaponza wengi. Kwao Japani Super GL ni gari la mizigo. Imesajiliwa kwa watu watano: wawili mbele, watatu kwenye siti ya kukunja, na nyuma yao pameachwa wazi kwa mzigo wa fundi au duka. Ikifika kwetu, mtu anatazama ile nafasi wazi na kusema hapa zinaingia siti nane. Na zinaingizwa.

Caravan nayo ina ukoo wa namna hiyo hiyo, kuanzia ya mizigo ya siti mbili au tano hadi ya abiria 10 na 14. Kwa hiyo muuzaji anapokuambia "ni haisi ya siti kumi na nne", swali la kwanza liwe: ilitoka kiwandani na ngapi?

Siti zilizofungwa baada ya gari kufika

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sijaona mahali pengine ambapo familia inadanganyika kirahisi namna hii.

Siti ya kiwandani haijashikwa na bati la sakafu. Chini ya kapeti kuna mihimili ya chuma inayokatiza gari kutoka ubavu hadi ubavu, na miguu ya siti imefungwa kwa boliti kwenye mihimili hiyo. Mkanda umeshikwa kwenye nguzo ya mwili wa gari au kwenye fremu ya siti iliyotengenezwa kwa mvuto huo. Fanya hesabu ndogo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo unaoruhusiwa mjini, likigonga na kusimama ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mtu wa kilo 60 anavuta mkanda wake kwa nguvu sawa na mzigo wa kilo 850. Siti ya watu watatu inavutwa kwa zaidi ya tani mbili na nusu. Sasa mlinganishe na ule mguu uliochomelewa kwenye bati ambalo unaweza kulibonyeza kwa kisigino.

Sisemi kwamba mafundi wetu hawajui kazi. Nimemwona fundi mmoja pale Nyakato akifunga siti kwa boliti zilizopenya sakafu, chini akaweka vipande vinene vya chuma vya kugawa nguvu, vikashikamana na mhimili. Kazi ile ilikuwa safi na ilimchukua siku mbili. Hata hivyo alikiri mwenyewe kwamba mkanda wa begani hawezi kuuzua mahali ambapo nguzo haikuandaliwa. Anachoweza kufunga ni wa kiunoni. Mkanda wa kiunoni ni bora kuliko tundu la boliti. Kwa mtoto wangu wa miaka tisa, nataka ule wa begani.

Kutambua si kazi ngumu ukishaonyeshwa. Vuta mkanda wote hadi mwisho: wa kiwandani una kitambulisho kilichoshonewa, mara nyingi kimeandikwa Kijapani, na rangi yake inafanana na ya mikanda ya mbele. Inua kapeti pale mguu wa siti unapogusa sakafu. Ukiona mshono wa kuchomelea wenye vinundu, rangi iliyopakwa kwa brashi juu yake, au kapeti lililokatwa kwa kisu, umeshapata jibu. Tazama pia kama siti ina kiegemeo cha kichwa. Zile za kuongeza mara nyingi hazina, na mtu aliyekaa nyuma kabisa ndiye aliye karibu zaidi na gari litakalotugonga kwa nyuma.

Kwa sisi wa ukanda huu wa ziwa kuna jambo jingine. Gari lililowahi kupeleka samaki kutoka Mwaloni Kirumba limeshaoga maji ya barafu na ya sangara kwa miezi. Maji yale yanapita chini ya kapeti, yanakaa kwenye kona za nyuma karibu na matao ya matairi, yanakula bati kimyakimya. Sabuni inatoa harufu, kutu inabaki. Fundi wangu alikuwa na bisibisi ndefu. Alikuwa anaigongesha sakafuni sentimeta kwa sentimeta huku ameinamisha sikio. Bati zima linalia. Bati lililooza linatoa sauti ya boksi lililolowana. Magari mawili tuliyaacha kwa mlio huo tu, kabla hata ya kufungua injini.

Watu kumi wanabadilisha gari

Dereva mzuri wa gari dogo anaweza kuwa hatari kwenye haisi iliyojaa, na siyo kwa uzembe. Gari lenyewe limebadilika chini yake.

Wamarekani walilichunguza hili kwa sababu shule na makanisa yao hutumia sana magari ya siti 15. Mwaka 2001 mamlaka yao ya usalama barabarani, NHTSA, ilitoa onyo: magari ya aina hiyo yakibeba watu 10 au zaidi, kiwango cha kupinduka katika ajali zisizohusisha gari jingine kilikuwa karibu mara tatu ya yalipokuwa na watu wachache. Magari yao si haya yetu. Sababu ni ile ile: kila abiria anayeongezeka anakaa juu, na anakaa nyuma. Uzito wa gari unapanda na kurudi nyuma, mpaka sehemu kubwa inakuwa juu ya ekseli ya nyuma au hata nje yake. Hapo ukikwepa bodaboda pale Usagara kwa kukata usukani ghafla, nyuma inataka kuendelea ilikokuwa inakwenda.

Ndiyo maana keria ya juu naiogopa. Kilo 100 za mchele na masanduku juu ya paa la mita mbili zinaumiza kuliko kilo hizo hizo zikiwa sakafuni katikati ya gari. Safari ya Krismasi tunapunguza mizigo, au tunaitanguliza kwa basi siku moja kabla. Kama ndugu ni wachache kuliko siti, wajazwe kuanzia mbele. Siti ya nyuma kabisa ndiyo ibaki wazi. Watoto wangu walilalamika mwanzoni kwa sababu kule nyuma ndiko kwenye vicheko.

Tairi nazo. HiAce na Caravan zinatumia tairi za magari ya mzigo, saizi inayojulikana sana ikiwa 195/80R15, na pembeni yake kuna namba 107/105. Hiyo 107 maana yake tairi moja inaruhusiwa kubeba kilo 975 ikiwa peke yake upande wake. Madukani utakuta tairi za gari dogo zinazoingia kwenye rimu hiyo hiyo, bei ya chini, na namba yake ni 90 na kitu. Zinaingia, gari linatembea, hata linakuwa laini zaidi, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu ubavu wa tairi umekuwa teketeke. Soma namba. Soma na tarakimu nne za tarehe: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi yenye vipele vizuri iliyokaa juani miaka tisa ni ya kutupa.

Mlima wa Bugando na pumzi ya injini

Mwanza ni mji wa mawe na miinuko, na hilo peke yake linachuja magari. Caravan na HiAce za kawaida zinasukumwa na matairi ya nyuma. Alphard za kawaida, na Noah za kawaida zilizotoka kuanzia 2001, zinavutwa na ya mbele. Familia ikijaa nyuma kwenye barabara ya mawe inayopanda, uzito unahamia nyuma: tairi za haisi zinabanwa chini zaidi, zile za mbele za Alphard zinapunguziwa uzito na kuanza kuteleza, hasa mawe yakiwa yamelowa. Jirani yetu wa Isamilo ana Alphard nzuri sana, na siku za mvua anaiacha chini kwenye lami na kupanda kwa miguu. Zipo za kusukumwa na matairi yote manne, kwa kila aina niliyoitaja. Kama nyumba yako iko juu ya jabali, tafuta hiyo.

Kisha pumzi. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni pungufu kwa kama asilimia 12 ikilinganishwa na ya Dar es Salaam. Injini ya petroli isiyo na tabo inapumua hiyo hewa hafifu, na nguvu yake inashuka kwa kiasi kinachokaribia hicho. Injini ya dizeli yenye tabo inasukumiwa hewa, kwa hiyo haiumii sana. Kwa hiyo petroli ya lita 2.0 kwenye haisi yenye watu kumi ni kuitesa. Itapanda, lakini kwa gia ya kwanza na makelele. Petroli ya lita 2.7, ambayo ndiyo iliyowekwa kwenye HiAce za abiria 10 za Japani, inatosha. Dizeli ya lita 3.0, iliyotumika kuanzia 2007 hadi 2017, inapanda kana kwamba haijabeba mtu.

Kwa nini basi nisichukue dizeli? Nilitaka. Kilichonizuia ni ratiba yetu wenyewe. Dizeli za Japani za miaka ya karibuni zina chujio la masizi kwenye njia ya moshi, ambalo mafundi wanaliita DPF. Linakusanya masizi, na ili liyachome linahitaji joto la safari ndefu yenye mwendo wa kutosha. Gari letu siku tano kwa wiki lingetoka Mkolani, lishushe watoto shule, lifike mjini, lizimwe. Masizi yanajaa, taa inawaka, fundi asiye mwaminifu anakushauri ulitoboe. HiAce za dizeli za lita 2.8, zilizoanza mwishoni mwa 2017, zimeongezewa na tangi la urea, dawa ya kusafisha moshi ambayo lazima uwe na uhakika wa kuipata. Mtu ambaye kila wiki anakwenda Shinyanga au Geita hana tatizo hili. Yeye dizeli itamlipa. Ukinunua dizeli ya lita 3.0, uliza pia mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini na uone risiti, kwa sababu ukikatika injini imekwisha. Petroli za HiAce zinatumia cheni badala ya mkanda, na dizeli ya Caravan ya lita 2.5 vile vile. Cheni hazina tarehe ya kubadilisha, ila ukisikia mlio wa kukwaruza asubuhi wakati wa kuwasha, umeshapewa taarifa.

HiAce au Caravan

Kwa vipimo, zile nyembamba ni pacha. Caravan ya sasa, E26, ilitoka mwaka 2012, kwa hiyo ni changa kuliko H200, na nyingi nilizoziona zilikuwa za bei ya chini kuliko HiAce ya mwaka huo huo. Ndani naiona ina utulivu zaidi, sauti ya injini haiingii sana. Springi za nyuma za zote mbili ni zile za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, ngumu gari likiwa tupu, nzuri likijaa. Kwa hiyo mtu akikuambia moja inadunda na nyingine haidundi, muulize alizipanda zikiwa na watu wangapi.

Tofauti inayogusa mfuko iko dukani. Pale Mwanza mjini, breki za haisi, shokapu, boljointi, rejeta, hata kitasa cha mlango wa kuvuta, ninavipata kwa kutembea maduka mawili matatu, kwa sababu daladala nyingi za mji huu zimekula vipuri hivyo kwa miaka. Vya Caravan vipo, lakini mara kadhaa muuzaji aliniambia nisubiri basi la usiku kutoka Dar es Salaam. Kwa gari la pili la nyumba, siku mbili za kusubiri si neno. Kwa gari pekee la watu tisa, ni siku mbili za watoto kwenda shule kwa bodaboda. Na siku ya kuuza, haisi haikai yadi. Tofauti ya bei unayolia nayo leo, sehemu yake kubwa utarudishiwa na mnunuzi wako.

Hizo nyingine nazipitia haraka. Noah ni gari jema kwa watu sita. Wakiwa wanane, nyuma ya siti ya tatu hapabaki mahali pa kuweka hata ndoo ya dagaa. Alphard inabeba saba au nane kwa raha ambayo haisi haiifikii, siti yake ya nyuma ni ya kiwandani na ina mikanda, na kama mngekuwa saba na mnakaa kwenye lami ningewaambia mwache kusoma hapa mkaitafute. Coaster ni basi, si gari la nyumbani. HiAce mpya ya 2019, yenye pua mbele na injini iliyotoka chini ya dereva, ndiyo ningeichukua kama pesa isingekuwa kikwazo: miguu ya dereva haiko tena mstari wa mbele ajali inapotokea, na kwenye majaribio ya Australia ilipata nyota tano. Ile ndefu ina mita 5.9. Pima geti lako kwanza.

Makaratasi

Sheria za forodha zinagawa magari ya watu katika mafungu mawili: yenye uwezo wa kubeba chini ya watu 10, na yenye kubeba 10 na kuendelea, dereva akiwemo. Siti moja inaweza kukuhamisha fungu, na mahesabu ya kodi yakabadilika. Ukubwa wa injini na umri wa gari navyo vinahesabiwa. Kabla hujatuma pesa Japani, ingiza mwaka na aina ya gari kwenye kikokotoo cha TRA, uone jumla yote. Watu wengi hulinganisha bei ya gari pekee na kushtuka gari likiwa limeshafika bandarini.

Wapo watakaokushauri gari lijilipe lenyewe, asubuhi na jioni lipige ruti moja Buhongwa hadi mjini. Liwe wazo la kufanya kwa ukamilifu au kuachwa. Kubeba abiria kwa malipo kunahitaji leseni ya LATRA, namba nyeupe badala ya ya njano, dereva mwenye leseni ya kubeba abiria, na bima ya biashara. Gari la namba ya njano likipata ajali na abiria waliolipa nauli, bima yako ya binafsi ina sababu ya kukukana, na wale abiria ni watoto wa wenzio.

Siku ya kujaribu

Gari tulilolichukua tulilikuta kwenye yadi baada ya kuacha saba. HiAce pana, siti 10 za kiwandani, petroli lita 2.7. Mjini linakunywa lita moja kwa kilomita sita au saba, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA inapotangaza bei mpya za mafuta mimi ni wa kwanza kusoma. Nimelikubali hilo, kwa sababu ndilo bei ya kutokuwa na DPF na ya kuwa na mikanda kumi.

Nilikwenda na fundi, mzee aliyeanza kazi enzi za haisi za zamani, na nilikwenda na Mama. Muuzaji alimfungulia mlango wa mbele kwa heshima zote. Mzee akasema, "Hapana. Binti yangu, mpeleke bibi nyuma kabisa." Tulimshika mkono, akapita katikati ya siti, akakaa kona ya kulia, ile ile. Tukapanda na sisi, watoto wanne wakajipanga, tukatoka hadi Bugando tukapanda mlima, tukarudi kwa kushuka taratibu kwa gia ya chini ili mzee asikilize breki. Kwenye matuta mzee alikuwa haangalii barabara. Aliangalia nyuma, akitazama kichwa cha Mama kinavyokwenda juu na chini. Akaniambia shokapu za nyuma zimechoka, tupunguziwe bei au zibadilishwe. Zilibadilishwa.

Tuliposimama Mama alivuta mkanda, akauachia ukajirudisha wenyewe, akauvuta tena. Kisha akaweka viganja viwili kwenye siti ya mbele yake na kuisukuma kwa nguvu zake zote.

"Hiki hakitembei," alisema.

Ila kushuka kulimshinda. Sakafu ya haisi iko juu, na goti lake la kushoto halikukubali kukunjika kiasi kile. Ikabidi wapwa wawili wambebe chini. Wiki iliyofuata fundi alifunga kipande cha ngazi chini ya mlango wa kuvuta na mshikio wa chuma pembeni, vyote kwa boliti nane zilizoingia kwenye mhimili. Nilisimama pale nikazihesabu zinavyokazwa.